Tajiri Asiye na Duka

Jumanne, Chanika

Mjomba Salehe kaniharibia! Nilimtuma kijijini Kwashemshi, kwa kina mchumba wangu Zaina, na barua ya posa, nikamsihi aseme tu kwamba nina kampuni ya programu ya simu inayowatafutia wakulima trekta. Akaona haitoshi. Akamwambia baba yake Zaina kuwa mimi ni tajiri mkubwa wa mtandaoni.

“Duka lake liko wapi?” mzee akauliza.

“Hana.”

“Shamba? Ng’ombe?”

“Utajiri wake wote uko kwenye simu, mzee wangu.”

“Basi huyo Frimasoni. Rudi na barua yako.”

Miaka minne nimejifunza kazi hii peke yangu, na sasa naogopa Zaina ataozwa kwa mtu mwenye ng’ombe.

Kesho nakodi fremu ya duka hapa Chanika, nipange magunia ya mahindi mlangoni. Zaina kaniandikia niweke na mizani. Baba yake anaamini mizani.