Uso Ulioanguka Ukutani

Kijiji cha Myinkaba,
Bagan.
8 Desemba 2019

Mpendwa kaka Thet Naing,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Nilar na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwa mvua za huko Penang kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia, asubuhi tunaota moto, karanga zote tumekwisha kuzing'oa. Ng'ombe wetu mweupe amezaa ndama jike.

Najua umeshtuka kuona bahasha, maana siku hizi mimi ni mtu wa simu. Usihofu. Habari ni ya Mama, na haisemeki kwenye simu inayokatika kila dakika mbili. Tena yeye mwenyewe alinikataza nisikwambie mpaka mambo yaishe. Sasa yamekwisha, kwa hiyo keti usome taratibu.

Baada ya sikukuu ya taa ya Thadingyut walikuja wachoraji wawili kutoka Mandalay, tukawapa vyumba vile viwili vya nyuma ya karakana yetu ya vibakuli vya nakshi. Mmoja ni mwalimu, U Kyaw Myat, mzee mcheshi asiyemaliza sentensi bila mzaha. Wa pili ni mwanafunzi wake wa zamani, Yadana Phyu, mwanamke wa umri wangu hivi, mkimya. Kila alfajiri walibeba vitambaa na rangi zao wakaenda kuchora mahekalu, wakarudi jua likiwa kali, wamejaa vumbi hadi kwenye kope.

Mama alikuwa hajagusa sindano ya kunakshi kwa miaka miwili, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Unakumbuka ulivyombembeleza akapasuliwe kwenye ile hospitali ya Mandalay, akakujibu kwamba jicho ni lake lakini kisu si chake. Kazi yake karakanani ilibaki kupapasa vibakuli vilivyokwisha kupakwa utomvu na kuwagombeza wasichana kila kidole chake kinapogusa kasoro.

Siku moja aliwapelekea wageni karanga za kuchemsha kule shambani walikokuwa wakichora. Akaiinamia picha ya Yadana hadi pua ikakaribia kugusa rangi.

"Mwanangu, hekalu hili limeugua nini? Mbona zambarau?"

"Leo alfajiri lilikuwa hivyo, Mama."

"Nina miaka sitini na tisa hapa. Sijaliona hata siku moja likiwa bilinganya."

U Kyaw Myat alicheka mpaka akaketi chini. Yadana hakucheka. Alasiri nilimkuta uani akichana karatasi, moja baada ya nyingine. Akaniambia aliacha kazi yake ya kiwanda cha uchapaji ili aje huku, na sasa kila anachochora ameshakiona kwenye kalenda. Akirudi mikono mitupu, basi, ataomba kazi yake tena na rangi atampa mtu. Mama alikuwa kibarazani, nami nikadhani amesinzia.

Kesho yake Mama akachukua ufunguo wa lile hekalu dogo nyuma ya shamba letu, ule aliorithi kwa Babu, akamwambia Yadana, "Vaa kandambili, utazivua mlangoni." Nami nikawafuata.

Unaukumbuka ukuta wa kaskazini, wenye wale wanawake waliochorwa wamebeba sinia za maua ya yungiyungi? Wa tatu alipoteza uso wake kwenye tetemeko la miaka mitatu iliyopita. Tulizoa chokaa yake kwa beseni. Yadana alizipita picha zote zilizo nzima, akaenda kuketi mbele ya yule asiye na uso.

"Huyu alikuwaje, Mama?"

"Amenuna," Mama akasema. "Wenzake wanatazama mbele kwa adabu. Yeye kageuka anamwangalia wa nyuma yake, kama mtu aliyekanyagwa kisigino."

"Unaweza kunionyesha?"

Mama akanituma nikalete kibakuli cheusi na sindano yake. Kaka, niliogopa. Mama haoni hata uzi ulioshikwa juani. Aliketi kizingitini, akafumba macho kabisa, akaanza kuunakshi uso ule kwenye kibakuli. Mara tatu mstari ulimteleza, akalaani, akaupapasa kwa dole gumba, akarudia. Uso ukatoka: mashavu manene, midomo imebanwa, jicho limekwenda pembeni. Ulikuwa uso ninaoujua. Uko kwenye kila kibakuli alichonakshi tangu tukiwa wadogo, na sikuwahi kumuuliza ameutoa wapi.

"Baba alikuwa akinileta hapa nina miaka minane," akatuambia. "Watu wazima wanaomba, mimi namtazama huyu. Nilimpenda kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekasirika."

Yadana hakuchora kitu kingine tena. Siku tisa alishinda na kile kibakuli mle hekaluni, chakula nikimpelekea mimi. Siku ya kuondoka alimletea Mama picha. Mama akaisogelea, akainamisha kichwa, akaomba itolewe juani.

"Naona wekundu tu," akasema.

"Nimeupatia uso, Mama, au nimeukosea?"

"Nitajuaje?"

Akaingia jikoni, tukasikia masufuria yakigongana. Wageni waliaga hivyo hivyo, bila raha. Ila wakati wa chakula cha jioni, Mama akiwa na tonge mkononi, akaniuliza, "Ile hospitali ya Thet Naing iko wapi?"

Tulikwenda Mandalay kwa basi wiki iliyofuata, kabla hajabadili nia. Nisikufiche, daktari alisema jicho la kulia tumelichelewesha mno, na hata la kushoto hakuahidi. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Mama aliniminya mkono mpaka kucha zikaacha alama, huku akisema sala. Hakulia. Mimi nililia, akiwa amekwisha kuingia.

Kesho yake wakafungua bendeji. La kulia linaona mwanga na vivuli, basi. La kushoto, kaka, linaona vizuri kabisa. Alinitazama, akanitazama tena, akasema, "Umezeeka. Na hiyo poda ya thanaka umejipaka usoni kama unapaka ukuta."

Siku ya nne tukaenda kwenye maonyesho ya picha za wale wachoraji wetu, huko huko Mandalay. Ukumbi ulijaa watu wenye viatu vizuri, na picha ya Yadana ilikuwa katikati. Mama alisimama mbele yake muda mrefu. Yadana alikuwa pembeni akijivuta vidole.

"Pua si hii," Mama akasema. Watu wakageuka. "Ilikuwa pana zaidi. Lakini hasira ndiyo yenyewe."

Yadana akapiga magoti palepale, akamsujudia mara tatu kama mtoto anavyomsujudia mzazi. Mama akamvuta ainuke: "Daktari kanikataza machozi, usiniharibie kazi yake. Lete brashi." Brashi ikaja. Mbele ya wageni wote Yadana akaipanua ile pua, Mama akimsimamia: ongeza, ongeza kidogo, basi. Kisha U Kyaw Myat akachukua kalamu, akaongeza jina la Mama chini ya jina la Yadana. Bila mzaha hata mmoja.

Sasa tuko nyumbani. Daktari amemruhusu saa moja ya kunakshi kwa siku, naye anaiba ya pili. Mume wangu Soe Paing anakusalimu sana, na shangazi Daw Ohn Yin pia. Mama anakubusu wewe, Nilar na wajukuu. Anasema watoto wako amewajua kwa sauti tu, kwa hiyo sikukuu ya mwaka mpya ya Thingyan uje nao, maana jicho amelitengeneza na anataka kulitumia.

Muwe salama mwilini na moyoni, mbali na kila hatari.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sikuzote,
Mya Sandi