Pakiti Arobaini za Mpingo

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Jumatano

Kaka yangu Uledi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na wifi Husna goti lake limepata nafuu. Sisi huku miili haijambo, alhamdulillahi. Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Kwa simu nimejaribu mara nne, naishia kukuuliza habari za mvua.

Nianze na mazuri. Mpwa wako Badria amebakiza kidogo tu amalize digrii ya pili, na Narung'ombe nzima inajua, maana nimewaambia mimi. Mteja akija kununua iliki anaondoka na habari za mpingo. Nawaeleza kwamba miti haifanani hata ikiwa ya aina moja. Mpingo wa Kilwa na wa Handeni ni kama watoto wa mtu na nduguye, na hata ndani ya msitu mmoja kila mti una damu yake. Msitu wenye damu za namna nyingi, ugonjwa ukiingia hauumalizi wote. Hayo Badria anayasoma kwenye jani, kwa mashine. Jirani yangu Paskalina, yule muuza vyombo kutoka Songea, ananitania kwamba kama digrii ni ya majani basi mbuzi wa kwao wote ni maprofesa. Namwambia acheke tu, siku ya mahafali atakuja kula pilau.

Sasa kaka, hapo ndipo niliponasa.

Yale majani uliyomtumia kutoka huko Kilwa, pakiti arobaini, kila pakiti na mti wake, mashine imeyakataa. Mti mmoja umejitokeza kwenye pakiti tatu, mwingine kwenye mbili. Mwalimu wake kasema aliyechuma alikaa chini ya miti michache, akajaza pakiti na kuandika namba za uongo. Ameamua Kilwa iondolewe kwenye kazi, na wewe usiitwe tena kuchuma. Badria alilia. Alisema bora mjomba angesema amechoka. Jina lako lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, amelifuta. Ndiyo maana hapokei simu zako, wala si masomo kama nilivyokwambia.

Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nachambua karafuu, nikanyamaza. Leo wiki ya tatu. Kila siku nakumbuka mikono yako ilivyochanwa na miiba, ulivyohesabu hatua mia kutoka mti hadi mti kama alivyokuelekeza.

Kaka, wewe hukudanganya. Ni mimi.

Mzigo ulipofika kwa basi, Badria alikuwa Handeni. Nikafungua, nimwonyeshe Paskalina tu. Nikakuta kila pakiti ina majani matatu na vile vipunje vya kukaushia, nikayashika majani nikaona yana unyevu. Mimi miaka ishirini naanika viungo, nikasema mtoto ataozewa. Nikayamwaga yote kwenye ungo mmoja, nikayaanika mpaka alasiri, nikayarudisha kwenye pakiti matatu matatu, kwa haki, kama nafungasha mdalasini. Halikupotea hata moja. Nilijiona nimemsaidia. Kwangu yote yalikuwa majani ya mpingo, basi.

Nikimwambia, ataona mama mjinga kamharibia kazi ya mwaka mzima, na huu mtaa niliojitapia utanigeuzia maneno. Nisipomwambia, nakuzika wewe ukiwa hai. Nazunguka humo humo, sioni mlango.

Ijumaa Badria anapanda basi kuja kuchuma upya kwa mkono wake, na ameapa hatalala kwako. Nitampa barua hii akuachie. Bahasha sitaitia gundi. Namjua mwanangu, akiona maandishi hawezi kuyaacha. Kabla ya kufika Somanga atakuwa ameshaimaliza. Mdomoni nimeshindwa, kaka, nimeona nipitie huku.

Msalimie wifi na watoto wote. Ile pilipili manga niliyofunga ni yake. Unisamehe, hata kama si leo.

Ni mimi mdogo wako,
Zamda

Badria, najua umeshafika hapa. Ukishuka, nenda moja kwa moja kwa mjomba wako, ukalale kwake. Mimi nipo dukani. Ukipiga, nitapokea.