Yule wa Kiti cha Nyuma

Alhamisi, 17 Oktoba 2019

Kesho safari! Gubbio, Spello, Bevagna, Todi, miji minne ya kale ya vilimani, na Jumapili jioni tunarudi Bologna. Ruggero ameazima gari la mjomba wake. Mimi, yeye na Ottavio, kama tulivyopanga tangu kiangazi.

Halafu leo mchana, tunakula, Ottavio anatuambia kuna mtu wa nne. Rocchina! Yule mkimya wa darasani kwetu, wa karibu na dirisha. Ati kaomba nafasi mwenyewe. Kwa nini? Hatujawahi hata kunywa naye kahawa.

Ruggero kanigeukia, kacheka. "Rocchina! Jina la bibi kizee hilo. Huyo ni wa kule kusini, milimani. Ginè, funga mkoba wako vizuri."

Nikacheka na mimi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Gubbio. Baridi, mawe, vipandio hadi magoti yanalia. Ottavio kala mkate wake na soseji, kisha nusu ya wangu.

Rocchina hajipigi picha. Anatazama tu. Kila kanisa anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kanisa la tatu nikamfuata polepole, nikajibanza nyuma ya nguzo. Alikuwa akimhoji mzee anayetunza funguo za kanisa. Mnafunga saa ngapi? Funguo analala nazo nani? Kuna kengele ya wezi? Kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya! Akageuka, akaniona. Akamshukuru mzee, akatoka.

Nimemweleza Ruggero. Hata hakushangaa.

"Makanisa ya vijijini yanaibiwa sana," akasema. "Vitu vidogo vya mbao vina wanunuzi wake, hawaulizi maswali. We mwangalie tu."

Namwangalia. Chumba chetu ni kimoja, mimi na Rocchina. Begi lake kalisukuma mvunguni. Langu nimeliweka chini ya mto. Ameona nilivyofanya. Kanitakia usiku mwema, kazima taa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Spello asubuhi, maua madirishani, haraka haraka. Kisha Bevagna. Nje ya mji, katikati ya mizeituni, kuna kikanisa ambacho Rocchina ndiye aliyekitaka. Alisisitiza. Yeye, asiyetaka chochote! Hapo nikasema moyoni: haya, leo ndiyo leo.

Mwenye funguo ni bibi mmoja, Assunta. Katutokea na aproni, majani ya mzeituni yamemganda kwenye nywele. Wako kwenye mavuno.

"Ingieni wanangu, ila msiguse. Hawa malaika mama yangu aliwapangusa vumbi maisha yake yote, sasa nawapangusa mimi."

Malaika wawili wa mbao, kimo cha chupa ya mvinyo, mmoja kila upande wa altare. Dhahabu imebanduka, lakini nyuso! Kama watoto waliokatazwa kucheka.

Rocchina kapiga picha altare. Kapiga picha mlango. Kapiga picha kitasa! Kisha kamshika bibi mkono, wakatoka naye hadi getini wakiongea, vichwa vimekaribiana. Ottavio naye pale pale, anauliza Todi watu wanakula wapi. Nilisimama mlangoni, sikumwondolea macho yule msichana. Ruggero akanipita, akarudi ndani, kasahau miwani. Mimi macho kwa Rocchina tu. Mikono yake, mfuko wa koti lake, kila kitu.

Garini nikamuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini na yule bibi?"

"Kuhusu komeo," akasema. "Limeoza."

Anasema waziwazi! Ruggero kanitazama kwenye kioo, kakonyeza.

Jumapili, 20 Oktoba

Todi. Niko garini, pembeni ya uwanja. Naandika mbio, sijui nitaweza kuusoma mwandiko huu.

Asubuhi bibi Assunta kafungua kikanisa kwa ajili ya misa. Malaika mmoja hayupo. Akawaambia polisi, karabinieri: wanafunzi wanne, wameelekea Todi. Wametukuta tunakunywa kahawa. Askari wawili, wapole, wakauliza kama kuna aliyeona kitu.

Hakuna aliyenisukuma. Mimi ndiye niliyesema, "Muulizeni huyu." Na kidole nikakinyoosha.

Nikaeleza yote. Maswali, funguo, kengele, picha ya kitasa. Wakatazama simu yake, picha zipo. Wakafungua begi lake pale pale mezani, soksi zake, chupi zake, watu wanapita wanatazama. Malaika hakuwemo. Wakamwambia twende kituoni. Ruggero walimpa mkono. Alishawaambia baba yake ni wakili.

Rocchina hakulia. Kafunga begi lake taratibu, kanitazama.

"Kwetu waliiba sanamu ya Bikira Maria," akasema. "Nilikuwa mtoto. Funguo za kanisa alikuwa nazo bibi yangu. Kijiji kizima kikamtazama hivyo hivyo unavyonitazama. Amekufa hajakanyaga tena kanisani. Ndiyo maana nauliza watu wanafungaje milango."

Ottavio akainuka na mdomo umejaa keki.

"Naenda naye. Mtu haachwi aende polisi peke yake. Na wewe Ginevra, aibu hii ni yako."

Hajawahi kuniita Ginevra.

Tukabaki wawili. Ruggero kanishika bega, tukaja garini, kawasha kipasha joto. "Umefanya vizuri, mpenzi. Sasa twende zetu. Hao watapanda treni." Nikasema tuwasubiri. Akasema baba yake atakasirika jina lake likiingia kwenye mambo haya. Nikasema bado. Akapumua kwa nguvu, kazima gari, kaenda baa kununua sigara. Funguo kaziacha zimechomekwa.

Nilisikia baridi. Nikazichomoa, nikaenda kufungua buti nichukue koti. Koti langu lilikuwa chini kabisa, na kando ya tairi la spea nikaona sweta la Ruggero, limeviringwa kama mtoto mchanga. Nikasema nivae hilo. Nikalivuta. Zito.

Kwanza nikaona mguu. Vidole vitano vya mbao, vidogo, na dhahabu kidogo kwenye kucha.

Nimemviringa tena kama alivyokuwa! Kwa nini? Nimefunga buti polepole, kama mimi ndiye mwizi. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu.

Miwani. Alirudi kuchukua miwani, na mimi nilikuwa mlangoni. Mlangoni kabisa! Kanipita na malaika ndani ya koti lake, mimi namtazama msichana aliyemshika bibi mkono.

Amerudi, kapapasa penye funguo. "Si nimeziacha hapa?" Nikamwambia labda umeondoka nazo, tazama baa. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa, mwenyewe nimeiogopa. Kaenda. Nimeandika haya yote akiwa huko. Namwona kupitia kioo, anainama chini ya meza, anamuuliza mhudumu.

Ng'ambo ya uwanja mlango wa kituo uko wazi. Ottavio kakaa kwenye benchi la nje, begi la Rocchina mapajani. Hatazami huku. Ni kuvuka tu. Lakini nikishavuka nitasema nini, mimi niliyesema yale ya asubuhi? Wataniamini mara ya pili? Na yeye nitamwangalia vipi usoni?

Funguo nimezikalia. Zinanichoma.

Anarudi. Haraka sasa. Anatabasamu, lakini si lile tabasamu la siku zote. Anadhani naandika kuhusu Todi.

Kafungua mlango wa upande wangu.

"Ginè," anasema, "hebu inuka kidogo —"