Barua Iliyokwama Kwenye Foleni ya Printa

Jumapili, Izia, Sumbawanga. Leo upepo umeamka kabla ya watu.

Agosti ya huku juu mnaijua: jua linawaka, baridi haiondoki, na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Nimerudi misa ya kwanza, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mke wangu Yusta ameniangalia nikizunguka sebuleni akasema kama sina kazi nitoke nje nimsaidie kupepeta ulezi. Sikutoka. Nina jambo, na nisipoliandika leo nitatafuta sababu ya kutoliandika kabisa.

Kwa mgeni aliyeingia kwenye blogu hii kwa bahati mbaya: mchana nauza mbegu na mbolea dukani Mazwi. Muda wote unaobaki nafungua kompyuta, zangu na za watu. Sikusomea popote. Ni ugonjwa tu umenikamata.

Nina misimamo, na mnaonisoma mmeichoka. Laptop ya miaka kumi inayofunguka kwa skrubu ni bora kuliko hizi mpya nyembamba ambazo ramu, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi. Ikifa ramu, umezika mashine nzima. Toa ile diski ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Fungua feni uisafishe, maana feni ya Sumbawanga ina udongo wa kuotesha mchicha. Halafu weka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na mashine iliyokuwa ikiwaka huku unamenya viazi itawaka kabla hujakaa vizuri. Hayo nayasema hata leo, na siyafuti.

Ila kuna jambo jingine sijawahi kuliandika hapa. Mimi mwenyewe siwezi kutulia na mfumo mmoja. Tangu Pasaka nimebadilisha aina ya Linux mara tano. Kila mpya naisifia wiki mbili, ya tatu naanza kuona kasoro: menyu imekaa vibaya, maandishi membamba, sijui nini. Nafuta, naanza upya. Yusta aliwahi kuniuliza, "Hivi ungekuwa unaoa namna hiyo, leo tungekuwa wangapi humu ndani?" Nilicheka. Swali lake lilikaa kichwani wiki nzima.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu alikuwa karani mpiga chapa. Miaka yote ya kazi aliitumia ofisini hapa mjini, kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta, na mpaka leo anachapa bila kuangalia vidole. Alipostaafu alishuka bondeni, Mtowisa, kwenye mashamba ya mpunga ya baba. Baba alifariki, yeye akabaki hukohuko na joto lake. Ana laptop, na ana printa ndogo nyeusi aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Watu wa pale wakiwa na barua ya baraza la ardhi, ombi la kazi au tangazo la kigango, wanaenda kwa Karani. Karani ndiye mama. Anaweka meza barazani, anavaa miwani, anauliza, "Haya, tatizo lako nini?" Nadhani hiyo meza ndiyo inayomfanya asizeeke.

Pasaka nilishuka kumsalimia. Nikakuta kompyuta yake inajikongoja, Windows inadai masasisho kila inapowashwa, mama anasubiri amekunja mikono. Loh! Nilifurahi kama daktari aliyepata mgonjwa. SSD nilikuwa nayo mfukoni, jamani, nimeshuka na SSD mfukoni siku ya Pasaka! Kabla ya chakula kuiva nilikuwa nimeshaing'oa Windows na kumwekea Linux.

Halafu umeme ukakatika. Laptop ilikuwa na chaji, printa ikazimika, na gari la kupanda huku likawa linapiga honi njiani. Sikuijaribu printa. Nilimwambia, "Usijali mama, ukirudi umeme itajitambua yenyewe." Huo muda wa kuijaribu kabla umeme haujakatika nilikuwa nao. Niliutumia kumhutubia. Nilimweleza habari za uhuru, kwamba sasa mashine ni yake, hakuna wa kumwamulia, hakuna wa kumlazimisha asasishe asichotaka. Mama alikaa mikono mapajani akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa baba."

Niliporudi nikaandika hapa ile habari ya bibi wa bondeni na Linux yake. Mnaikumbuka. Ndiyo iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Mlinipongeza, mkasambaza, na mwalimu mmoja wa kompyuta wa hapa mjini akaniomba Jumamosi ijayo nikazungumze na walimu wenzake. Akasema nije na hiyo laptop yenyewe, waione kwa macho.

Wiki mbili zilizopita nikashuka kuiazima. Mama hakusita hata kidogo. "Chukua tu baba, kaa nayo hata mwezi." Nikaona huo ndio moyo wa mama. Printa niliiona pembeni imefunikwa kitambaa cha kufuma, nikamsifia kwa usafi. Na kila nilipompigia simu miezi yote hii, "Vipi kompyuta?" jibu lilikuwa moja: "Inawaka haraka sana." Kweli inawaka haraka sana. Mimi nilikuwa nikilipokea hilo jibu na kuhamia kwenye habari nyingine.

Leo baada ya misa nimeiwasha niandae maonyesho yangu ya Jumamosi. Pembeni ya skrini kuna alama ndogo ya printa. Nikaibofya.

Kazi thelathini na moja zinasubiri kuchapwa.

Kwa msiojua, ukiiambia kompyuta ichape na printa isielewane nayo, kazi haipotei. Inapanga foleni. Inasubiri hapo na jina lake na siku iliyotumwa, hata miezi. Nimeisoma ile foleni kuanzia juu. Ya kwanza ilitumwa Jumanne baada ya Pasaka: "Jaribu." Ya pili, siku hiyohiyo: "Jaribu tena." Nimeifungua, ndani kuna mstari mmoja: Tafadhali chapa. Mama yangu ameibembeleza printa!

Kisha zinafuata za watu. Barua ya Mama Sikitu kwa baraza la ardhi. Tangazo la kigango. Maombi ya kazi ya ulinzi. Barua ya Mama Sikitu tena. Barua ya Mama Sikitu, ya mwisho. Mei nzima ipo, Juni ipo. Julai kuna moja tu. Baada ya hapo hakuna kitu. Alikuwa amekata tamaa.

Na katikati ya hizo, ya tano kutoka juu, kuna iliyoandikwa jina langu. Nilipotangaza hapa kwamba mama yangu anatumia Linux kwa raha zake, hii barua ilikuwa kwenye foleni siku tisa. Nainakili kama ilivyo, kwa ruhusa yake:

Kwa Deo,
Izia, Sumbawanga.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA KOMPYUTA YANGU YA ZAMANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi mama yako mzazi naomba unirudishie kompyuta yangu kama ilivyokuwa kabla ya Pasaka. Hii uliyoniwekea ni nzuri na inawaka haraka, ila haitoi karatasi. Nimeizima nimeiwasha, nimechomoa waya nimechomeka. Watu wananisubiri barazani nami sina la kuwaambia.

Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa sababu siku ile ulifurahi sana. Tangu baba yako atutoke sijakuona umefurahi hivyo, nikaogopa kukuharibia.

Natanguliza shukrani.

Ni mimi mama yako.

Alitaka kuichapa, aikunje, anipatie mkononi kama karani anavyopeleka barua. Haikutoka. Lalamiko lake kuhusu printa limekwama kwenye printa.

Nimecheka, halafu nimelia. Sioni aibu kusema.

Sasa ungamo lenyewe, maana hayo ya Pasaka naweza kuyaita haraka ya ujana, ingawa ujana wenyewe unaniaga. Baada ya kuisoma ile barua nilifanya nini? Nilimpigia mama? Hapana. Nilianza kutafuta draiva, ile programu ya kuielewanisha printa na kompyuta.

Saa mbili nzima. Nimepita kwenye majukwaa ya mtandaoni ya watu nisiowajua, wenye printa kama ile, wanaotukanana kwa adabu. Nikampata mmoja anayesema yake ilikubali baada ya kuandika hiki na kufuta kile, ila maandishi yanatoka yameinama upande. Nikajiambia, yakiinama kidogo si mbaya, mama atazoea. Nilishaanza kupanga: nitairekebisha, Jumamosi nitaionyesha, hakuna atakayejua. Linux itabaki palepale nilipoiweka, na nami nitabaki palepale.

Yusta ameingia na ungo wake, ameniona jasho linanitoka kwenye baridi hii. Nikamsomea barua. Akauliza, "Mama ameomba nini hapo?"

Nikamwambia, arudishiwe kompyuta yake.

"Sasa wewe unatafuta nini?"

Akarudi kwenye ulezi wake.

Ndipo nikapiga simu. Shikamoo, marahaba baba, mmekula, tumekula. Nikamuuliza habari ya printa. "Ah, ile. Nimeifunika isiingie vumbi." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilikuandikia." Nikamwambia barua nimeikuta leo, haikutoka. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Sasa baba, kama haikutoka ningekupaje?"

Nikamuuliza watu wake wanafanyaje. Anasema anawaandikia kwa mkono. Wengine wanakubaliwa, wengine wanarudishwa wakachapishe. Mama Sikitu, jirani yake, aliyemegewa mpaka wa shamba la mpunga, amerudishwa. Baraza linakaa Jumatano. Mama alikuwa amemshauri apande pikipiki mpaka kijiji cha mbele, Mama Sikitu akamjibu kwamba barua zake zote ameandikiwa na Karani, hajui kumweleza mtu mwingine shida yake. Kwa hiyo anasubiri. Tangu Mei anamsubiri mama, mama ananisubiri mimi, na mimi niko huku naandika habari za uhuru.

Uhuru! Nimemng'oa mama kwenye mashine aliyoizoea kwa vidole vyote kumi, bila kumuuliza swali hata moja, halafu nikamwambia sasa hakuna wa kumwamulia. Nani alimwamulia kama si mimi? Linux haina kosa hapa. Nimeitumia kama kipaza sauti changu.

Basi. Draiva nimeacha. Nyaraka zote za mama nimezihamishia kwenye flashi, nimezihesabu mara mbili, na ile foleni nimeipiga picha, nikainakili kazi kwa kazi. Hivi ninavyoandika, Windows yake halali inarudi kwenye laptop, asilimia sitini na kitu, na mimi nimekaa kuiangalia. SSD inabaki, maana aliniambia mwenyewe kwenye simu, "Hiyo ya kuwaka haraka usiiondoe." Walau moja nilipatia.

Jumamosi kwa walimu nitaenda. Mwalimu nimeshamwandikia kwamba bibi wa bondeni hatumii Linux, na kwamba hakuwahi kuitumia kwa raha. Hajajibu. Akinifuta kwenye ratiba ana haki. Akiniacha, nitawaonyesha picha ya ile foleni na nitawaambia mkimhamisha mtu mfumo, ulizeni kwanza anafanya nini na mashine yake, na msiondoke kabla hajakifanya mbele yenu. Sina zaidi ya hapo.

Na zile Linux zangu tano? Sijui natafuta nini humo. Labda ile furaha mama aliyoiona siku ya Pasaka. Inakuja wakati wa kuweka kitu kipya, na inaondoka nikishakizoea. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akinikuta na redio yake imefunguliwa mezani, ananiuliza tu, "Utairudisha?" Nilikuwa nairudisha. Sikumbuki lini niliacha kuulizwa hilo swali.

Jibu la mama nimeliandika kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari la Yusta, maana barua ya ofisi hujibiwa kwa barua, na kesho dereva wa gari la bondeni atampelekea:

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA KOMPYUTA YAKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua yako imenifikia leo, imechelewa njiani kwa kosa langu. Ombi limekubaliwa lote. Naomba radhi kwako, kwa Mama Sikitu, na kwa wote waliokaa barazani.

Jumanne nashuka na gari la alfajiri. Usiniandalie kitu. Fungua tu kitambaa kwenye printa, na mwite Mama Sikitu aje akae. Umeme ukikatika nitausubiri. Gari likipiga honi, liende.

Safari hii siondoki kabla karatasi haijatoka.