Hina ya Mpira

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku New Hope sote wazima, na theluji imeanza.

Umeniuliza kama uache timu ya chuo kwa kuwa mmefungwa kila mechi. Nami nilikuwa kipa chuoni hapa Minnesota, na msimu ule hatukushinda hata mara moja. Nilikwisha kusema mechi ya mwisho siendi, kisha nikaenda. Theluji ikaanguka, mpira mweupe hauonekani, na mwingine hatuna. Msichana mmoja wa Lamu, mwanafunzi mwenzetu, alikuwa akipita na bakuli la hina, anakwenda kumpamba bi harusi. Akasimama, akaupaka mpira wote.

"Sasa utauona, kipa. Ukifungwa tena, usisingizie theluji."

Nikafungwa mawili. Viganja vyangu vikawa vyekundu, na wenzangu wakaniita bwana harusi wiki nzima. Nilipomlalamikia yule msichana, alicheka.

"Basi waambie harusi lini."

Ndiye marehemu bibi yako. Uamuzi ni wako, mjukuu wangu. Mpira ule ninao kabatini, na rangi haijatoka.

Babu yako akupendaye