Somo Alilolisikia Mama

Mgeta, 8 Aprili 2024

Shikamoo dada Mage,

Natumaini wewe, shemeji Hashimu na watoto hamjambo huko Mwanza. Mimi mzima wa mwili tu. Mama upande wa kulia bado hausogei tangu kile kiharusi cha Krismasi, na maneno hayatoki.

Unajua chuo kilinikubalia nifundishe nikiwa huku nyumbani muhula huu. Dada, nimeshindwa. Wiki iliyopita niliwasha kamera niwafundishe wanafunzi wangu wa uuguzi, picha ikaganda, sauti ikawa inakatika, mwishowe nikajikuta naongea peke yangu. Katikati ya somo mama akaanza kuguna, anataka kugeuzwa. Niliwaacha, nikaenda. Mkuu wa chuo amenipigia: darasa likiendelea hivi, nirudi mjini au nimwachie mwingine nafasi yangu. Nikirudi, nani atamgeuza mama?

Wewe nawe mwalimu wa uuguzi, na ulifundisha ukiwa nyumbani ulipovunjika mguu. Niambie ulifanyaje. Naandika haya kwenye simu machozi yananitoka.

Mdogo wako,
Prisca


Mwanza, 9 Aprili 2024

Prisca mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila barua yako imenikosesha raha.

Achana na kamera. Wanafunzi wengi wananunua bando dogo, picha inalimaliza kabla hujasema la maana. Rekodi sauti, vipande vifupi, kila kipande jambo moja. Rekodi mama akiwa amelala, ujifunike kanga kichwani ili sauti isirudi kwenye kuta, kisha upande pale kilimani kwenye mtandao uwatumie vyote pamoja. Kila kipande ukimalizie kwa swali, wakujibu kwa sauti zao. Asiyejibu mtafute mwenyewe, usimtaje mbele ya wenzake. Wasio na simu nzuri wasikilize na wenzao.

Saa ya kuzungumza nao moja kwa moja iwe moja tu kwa wiki, siku ile ile, na siku hiyo jirani yetu Kristina akae na mama. Tena usiwasomee kitabu. Una mgonjwa ndani. Waeleze ulichomfanyia asubuhi na kwa nini.

Kuhusu kuja, naomba usiniulize. Unajua mama alivyosema nilipoolewa na Mwislamu, mjomba Castory akiwa amekaa pale: nisikanyage tena mlangoni kwake. Sitaki kumwongezea ugonjwa.

Dada yako,
Magreth


Mgeta, 21 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Poleni na joto la huko. Huku ni mvua, hainyamazi.

Wanafunzi wamerudi. Elia, kiongozi wao, anasema wanasikiliza vipande wakiwa wanapika. Hilo nakushukuru. Lakini barabara imeporomoka, dawa za mama zimekwisha, na sasa anapaliwa hata na uji. Jana alibadilika rangi mikononi mwangu. Mimi mwalimu wa uuguzi, dada, nikabaki napiga kelele kama mtu asiyejua lolote.

Nilikuomba mkono, ukanipa maelekezo. Sikulaumu, ila nimechoka hadi kufika mahali pa kumwomba Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Wiki hii nafundisha kumlisha mgonjwa anayepaliwa. Sitaweza kulisema somo hilo bila kulia. Nirekodie wewe.

Mdogo wako,
Prisca


Mwanza, 23 Aprili 2024

Prisca,

Somo nimelituma, utalipata ukipanda kilimani. Na wewe mwenyewe fanya hivyo hivyo: mkalishe wima kabisa, uji uwe mzito, kijiko kidogo, kidevu akiinamishe kifuani anapomeza. Asilale mara baada ya kula.

Nimesoma barua yako mara nyingi.

Magreth


Mgeta, 27 Aprili 2024

Dada Mage,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Nililifungua somo lako nilisikilize kabla ya kuwatumia wanafunzi. Nilidhani mama amelala. Akafumbua macho, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mage." Ni neno lake la kwanza tangu Krismasi. Kristina alikuwepo, amelisikia.

Sasa kila asubuhi anaigusa simu kwa mkono wake mzima mpaka nimwekee. Mjomba Castory anasema amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa.

Anadhoofika. Njoo.

Prisca


Msamvu, 2 Mei 2024, jioni

Mdogo wangu,

Nilikuandikia kwamba nimepewa ruhusa kazini, hukujibu. Nikakuandikia nikiwa kwenye basi, hukujibu. Natumaini ni mtandao tu.

Nimefika stendi ya Msamvu. Wanasema magari hayafiki Mgeta, barabara imekatika tena. Kesho alfajiri nitachukua bodaboda, na penye maporomoko nitatembea. Mwambie mama niko njiani.

Magreth


Mgeta, 3 Mei 2024

Dada Mage,

Ujumbe wako wa basini na wa Msamvu nimeupata asubuhi hii, nilipopanda kilimani kukutafuta. Ule wa ruhusa niliupata juzi, nikawaambia mama na Kristina, ila jibu langu halikutoka kwa sababu ya mtandao. Sina namna nzuri ya kukuambia. Mama ametutoka jana.

Ilikuwa saa yangu ya kuzungumza na wanafunzi, nami nilikuwa huku juu. Kristina alikuwa naye. Anasema alimkalisha, akala kidogo, akanyoosha mkono kuitafuta simu, na simu nilikuwa nayo mimi. Kristina akamwambia, "Mage anakuja." Akatulia. Niliitwa katikati ya somo, na niliporudi mwili ulikuwa bado una joto. Wanafunzi sijawaaga hadi sasa.

Mjomba Castory alitaka tuzike leo asubuhi kabla hujafika. Alisema alilolisema mama ulipoolewa ndilo neno lake la mwisho. Unanijua, sijawahi kumjibu mjomba. Jana nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "La mwisho nimelisikia mimi. Ni jina la Mage. Hatuziki mpaka afike." Kristina akasimama kando yangu akasema ni kweli, naye alilisikia.

Leo kulipopambazuka mjomba alichukua jembe akashuka kwenye maporomoko, anachimba pa kukanyaga ili upite. Utamkuta huko. Mwamkie.

Jeneza hatujalifunga.

Mdogo wako,
Prisca