Leo Nimeikata Ndege Pua

Jumapili, Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Mlima hatujauona wiki nzima, na baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye droo ya vijiko.

Vidole vyangu viwili vimeshikana kwa supaglu na sina haraka ya kuvitenganisha. Wacha niandike hivyo hivyo.

Leo nimechukua msumeno mdogo nikaikata ndege yangu pua. Ndege niliyoijenga tangu Pasaka. Haikuwa ajali.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu: natengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo mjini. Mchana kutwa niko na nta, plasta na plastiki ya rangi ya ufizi. Mtu angedhani nikifika nyumbani nitatamani kushika kitu kikubwa, jembe labda. Lakini mimi hupumzika kwa kujenga ndege ndogo za kuweka mezani. Barasa, mume wangu, alizoea zamani. Ni mwalimu, mtu wa Busia, na husema kila nyumba ina wazimu wake, afadhali huu wetu haunywi pombe.

Hii ya sasa ni ngumu kuliko zote nilizowahi kujenga. Ni jeti ya kivita, aina ya zile zinazopita juu yetu zikitoka upande wa Nanyuki. Mwili wake ni plastiki, lakini plastiki ya kiwanda kidogo, isiyo na vijino vya kukuonyesha kipande gani kinaingia wapi. Kiti cha rubani ni resini, ambayo ukiipiga msasa bila kuziba pua na mdomo utakohoa mpaka majirani waje kukujulia hali. Mikanda ya kiti na vidude vya mbele yake ni shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukipiga chafya, umeipoteza. Miguu ya magurudumu ni madini laini, mazito. Kioo cha juu unakikata mwenyewe kutoka kwenye plastiki angavu, na ukikosea, umekosea. Kila kitu kinataka gundi yake, na hakuna kinachokaa sawa na mwenzake. Bawa la kushoto lilipokutana na mwili liliacha ufa unaoingia ukucha. Nikaziba kwa fila, ule uji mzito wa kujazia nyufa, nikapiga msasa, nikaziba tena. Nilikuwa nikiliota bawa lile usiku.

Niliamua kuijenga ikiwa hewani. Magurudumu nikayaacha kwenye pakiti, milango yake nikaifunga na kuilainisha mpaka hujui kama iliwahi kuwa milango. Rubani ndani, kioo juu yake, mabomu chini ya mabawa, na stendi ya waya ya kuishikilia. Hivyo ndivyo ningeipeleka Nanyuki Jumamosi ijayo, tunakoonyeshana kazi sisi wachache wa miji hii ya mlima tulio na ugonjwa mmoja.

Niseme kweli. Nilitaka kuwafunga midomo.

Sasa Mama. Alikuja kwetu mwezi wa Mei, baada ya kuteleza bomani kwake kule Ihururu, chini ya msitu wa Nyandarua, akaumia nyonga. Anakaribia miaka themanini. Kwetu, mama kulala katika nyumba ya mkwe wake si jambo jepesi, na alikubali kwa sababu hata kufika chooni peke yake hangeweza. Tangu afike anaishi kama mtu anayesubiri kuitwa. Hukunja blanketi lake kabla hatujaamka. Friji hafungui. Mama hamwiti Barasa kwa jina, humwita Mwalimu, na Barasa akiingia sebuleni yeye huvuta kitambaa chake cha kichwa na kusogea kando, ingawa kochi ni kubwa.

Vipande vilipokuwa vipande, Mama hakusema kitu. Aliniona nikikwaruza plastiki, akafikiri nimeleta kazi ya meno nyumbani. Jumanne ndipo nilipoiweka ndege kwenye stendi kwa mara ya kwanza. Pua ikaelekea mlango wa chumba chake. Sikuwa na maana yoyote. Ni kwamba mwanga wa dirisha unatoka upande huo.

Jumatano nilirudi kutoka kazini nikakuta meza tupu.

Niliitafuta kwenye makabati, nikaikuta nje. Ilikuwa juu ya beseni lililogeuzwa, kando ya ukuta wa veranda, manyunyu yakiinyeshea. Rangi ya kwanza ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Bomu moja lilikuwa limeanguka kwenye maua.

Nikaingia nayo mkononi. Mama alikuwa ameketi kitandani, bakora magotini.

"Nani ametoa hii nje?"

"Ni mimi. Kitu hicho hakilali mahali ninapolala mimi."

Nikamjibu neno moja tu. "Mama, hii ni nyumba yangu."

Kwa mtu mwingine lingekuwa neno dogo. Kwa mtu anayekunja blanketi lake kabla wenyewe hawajaamka, nafikiri halikuwa dogo. Alhamisi asubuhi nilikuta nguo zake ziko kwenye mfuko, mfuko uko mlangoni, na yeye ameketi kando yake. Akasema tukitoka kanisani Jumapili mtu ampeleke Ihururu. Ihururu hakuna mtu. Kuna ng'ombe anayekamuliwa na jirani, na ngazi za udongo zenye utelezi zilizomwangusha.

Tukakaa hivyo Ijumaa, tukakaa hivyo Jumamosi. Nilimpikia uji, akasema asante. Hakuna kitu kinachochoma kama mama yako kukwambia asante kwa sauti ile ya mgeni.

Leo Barasa aliazima gari la mwalimu mwenzake. Tulikula, nikatoa vyombo, na mfuko ulikuwa umeshafika sebuleni. Nilidhani atachukua funguo. Badala yake alivuta kiti akaketi mbele ya Mama, si karibu sana, kwa heshima. Mimi na Mama huongea Kikuyu. Barasa hajui Kikuyu cha kutosha, kwa hivyo wao wawili huongea Kiswahili.

"Mama, ukitaka kwenda nitakupeleka. Gari liko hapo nje. Lakini nisaidie jambo moja. Hiyo ndege imekukosea nini?"

"Mwalimu, wewe si wa huku. Hukuona."

"Sikuona, Mama. Ndiyo maana nauliza."

Mama aligeukia dirisha. Halafu akaanza. Nimejaribu kuyashika maneno yake jinsi alivyoyasema.

"Nilikuwa mdogo, hivi." Akaonyesha juu kidogo ya meza. "Ilikuwa wakati ya imajensi, Mzungu akipigana na watu wetu wa msitu. Tulikuwa tumehamishwa kwa ile kijiji ya mtaro na miba. Asubuhi askari wanatupeleka shamba, jioni wanaturudisha. Baba yangu alikuwa msituni na wale wengine. Siku moja tuko shamba, ndege ikakuja. Ikakuja chini, chini kabisa, mpaka nikaona mtu. Kichwa yake, na miwani. Mimi sijawahi ona ndege karibu hivyo. Nikampungia mkono."

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo.

"Na yeye akanipungia."

Barasa akainua macho.

"Ati alinipungia, Mwalimu. Hivi. Halafu akavuka ile kilima yetu, tukasikia. Chini ikatingika. Mama yangu akanilaza kwa viazi, akanilalia. Wakapiga huo msitu mpaka jioni. Baba hatukumwona tena. Hata mfupa. Sasa mimi nauliza mpaka leo, huyo mtu alikuwa mzuri ama mbaya?"

Mume wangu aliinamisha kichwa.

Mimi ni kitinda mimba wake. Nimeshika mkono wake hospitalini, nimemwosha mgongo. Nilijua babu alipotelea msituni, kwa sababu huku kwetu hivyo husemwa juu ya watu wengi, na ikishasemwa hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Hili la mkono sikuwahi kulisikia. Jeti zikipita na Mama akafunga dirisha, mimi huwa nafikiri ni kelele.

Labda lilikuwa rahisi kusema kwa lugha isiyokuwa yake. Labda lilikuwa rahisi kumwambia mtu asiyekuwa wa damu. Sijui.

Kisha Mama akainuka. Alikuja na bakora yake mpaka kabatini, nilipokuwa nimeiweka ndege tangu Jumatano, akainama akaitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuiondoa, nikajizuia. Alikuwa anamtazama rubani ndani ya kioo.

"Huyu anashuka lini?" Sasa alikuwa ananiuliza mimi, kwa Kikuyu.

"Hashuki, Mama. Nimeitengeneza ikiwa juu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatikisa kichwa polepole. "Mtu akikaa huko juu anaona miti. Mimi aliniona kwa sababu nilikuwa mahali pa wazi. Baba hakuonekana chini ya miti."

Akarudi akaketi.

Mama hakuniomba kitu. Naandika hivyo hapa nisije nikajidanganya baadaye. Ni mimi niliyekwenda kuchukua msumeno.

Kwa wasioijua kazi hii: ndege ya namna hii ina mkia mzito. Ukiisimamisha kwa magurudumu bila uzito puani, inaketi kwa makalio kama mbwa. Anayetaka isimame chini hutia uzito ndani ya pua kabla ya kuifunga. Mimi sikutia, kwa kuwa yangu haikuwa ya kushuka. Kwa hivyo njia ilikuwa moja, kukata pua yote, pale pale nilipolainisha hadi nikajisifu, na kukata ile milango ya magurudumu niliyoificha vizuri hivyo.

Mkato wa kwanza ulikuwa kwenye ndege yangu. Baada ya hapo ilikuwa plastiki tu.

Mabomu niliyabandua kwa kisu. Kioo nilikikata katikati kwa msumeno mwembamba wa kazini, ule ninaokatia meno ya bandia, unaokata bila kupasua, nikakiinua kikae wazi. Kilichofuata kilikuwa uzito. Barasa huvua samaki Sagana akipata nafasi, akaniletea kopo lake la vitu vya kufunga kwenye ndoano ili izame. Mama akanyoosha shingo.

"Hizo ni nini?"

"Ni risasi, Mama."

Akanitazama.

"Ya samaki, Mama! Ya samaki!" Barasa akaingilia haraka, kwa Kiswahili, mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mei.

Nilijaza pua nikaishikiza, nikaunganisha miguu ile mizito, nikaisimamisha mezani. Ikaketi kwa makalio. Nikafungua, nikaongeza, nikafunga tena, na hapo ndipo nilipogandisha vidole. Safari hii ilitikisika kidogo ikasimama, magurudumu yote matatu chini. Pua imepinda upande. Kovu la mkato linaonekana hata ukiwa mlangoni, na sidhani kama fila yote iliyoko Nyeri italificha. Nimewaandikia wenzangu wa Nanyuki kwamba Jumamosi nitakuja mikono mitupu. Mmoja amejibu kwa kunicheka. Ana haki. Nilikuwa nimewatambia sana.

Bado sijamwomba Mama msamaha kwa neno lile. Nilikaa kando yake, nikasema, "Mama, Jumatano," akanikatiza, akaniambia chai inapoa. Kisha akamgeukia Barasa.

"Mwalimu, hiyo gari ya watu irudishe kabla ya giza."

Barasa alielewa kabla yangu. Alichukua mfuko, akaurudisha chumbani, ndipo akachukua funguo.

Tulibaki wawili na ndege katikati. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, jiko limeshika vizuri. Mama alinyoosha kidole, akagusa ubavu wa ndege, chini ya kile kioo kilicho wazi, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Ngazi yake iko wapi?"

Nilitafuta kwenye boksi, ingawa nilijua haimo. Waliotengeneza ndege hii walikumbuka kila skrubu, hawakukumbuka ngazi.

Nikamuuliza, "Akishuka, utamwambia nini?"

Mama akakiondoa kidole kwenye ndege.

"Sina la kumwambia," akasema. "Nataka tu atembee na miguu yake mpaka huko msituni."

Sasa amelala, mlango wake uko wazi, na ndege iko mezani. Najiuliza ni mambo mangapi mengine nimeyaita kelele.

Kesho nikifunga kazi nitabeba ule waya tunaoshikizia meno. Unakunjika vizuri na haukatiki. Nitatengeneza ngazi nyembamba, vipandio vyake vikiwa karibu karibu, kwa maana mtu aliyekaa juu miaka yote hiyo magoti yatakuwa yamekauka. Na lazima ifike chini kabisa.